Ufa Usioonekana: Jinsi Walimwengu Walivyojifunza Kuiona Ila ya Nyumba

Wahenga wetu wa pwani walituachia misemo miwili juu ya nyumba, ambayo aghalabu tunaitumia kwa mambo yasiyohusu nyumba hata kidogo. Wa kwanza ni: Nyumba usiyolala ndani, huijui ila yake. Wa pili ni: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ule wa kwanza tunautoa tunapowasikia watu wakizihukumu ndoa za wenzao. Ule wa pili tunapomwonya mzazi anayemdekeza mwanawe. Ni nadra mtu kuutamka mmojawapo hali amesimama mbele ya ukuta, mwiko mkononi na chokaa kwenye karai.

Makala haya yanakusudia kuirudisha misemo hiyo ukutani ilikotoka. Yanasimulia historia ya elimu ambayo sisi wa visiwani hatujapata kuihitaji sana, lakini wenzetu wa nchi za baridi maisha yao yamefungamana nayo: elimu ya kutafuta mahali nyumba inapopotezea joto lake na mahali inapopenyeza hewa bila ya ridhaa ya mwenyewe.

Kilichonisukuma ni kazi ya tafsiri. Miaka michache iliyopita, binti wa marehemu ndugu yangu, anayeishi na watoto wake katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, aliniletea karatasi za ukaguzi wa nyumba aliyopanga. Alitaka nizitie katika Kiswahili ili mama yake, aliyekuwa amekwenda kumtazama na akaingiwa na hofu kwa kikohozi cha wajukuu, apate kujua wakaguzi wamesema nini. Ndani ya karatasi hizo mlikuwa na picha. Nyumba ilikuwa ile ile niliyoizoea katika picha za Sikukuu, lakini imegeuka rangi: kuta za zambarau, madirisha ya manjano, na juu ya mlango mstari mweupe kama kovu. Chini yake pameandikwa kwamba nyumba inavuja. Nilipompigia simu shemeji yangu na kumsomea, aliniuliza, “Inavuja vipi, shemeji, na wiki nzima hapajanyesha?”

Sikuwa na jibu fupi. Katika lugha yetu kinachovuja ni maji, na siri. Joto halivuji, joto huja, hukaa, hupungua. Makala haya ndiyo jibu langu refu kwake.

Tuanze na mpiga muziki. William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, mwana wa mpiga zumari wa jeshi. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, na baadaye akajipatia riziki katika mji wa Bath kwa kupiga kinanda kanisani na kufundisha muziki. Elimu ya nyota hakuipata chuoni. Alijisomesha usiku baada ya kazi, akasaga vioo vya darubini kwa mikono yake mwenyewe, na dada yake Caroline akimtia tonge mdomoni kwa kuwa mikono hiyo haikuweza kubanduka kwenye kioo. Tarehe 13 Machi 1781 aliiona sayari ambayo sasa inaitwa Uranus, na maisha yake yakabadilika.

Hata hivyo jambo linalotuhusu sisi lilitokea mwaka 1800, akiwa mzee wa miaka 61. Herschel alikuwa akilitazama jua kwa darubini, akikinga macho kwa vioo vya rangi. Akagundua ajabu: kuna vioo vilivyopitisha mwanga mdogo lakini jicho likahisi kuungua, na vingine vilivyopitisha mwanga mwingi pasi na joto la kutajika. Wengi wangalibadilisha kioo na kuendelea na kazi. Yeye alijiuliza: je, yumkini rangi mbalimbali za mwanga hubeba joto la viwango mbalimbali?

Alichukua kioo cha pembe tatu, kile kinachoupasua mwanga wa jua ukawa kama upinde wa mvua, akautandaza upinde huo mezani. Akaweka vipimajoto vilivyopakwa weusi: kimoja ndani ya rangi, vingine pembeni kwa kulinganishia. Katika urujuani kipimajoto kilipanda nyuzi 2 za Farenhaiti. Katika kijani, nyuzi 3 na kidogo. Katika nyekundu, karibu nyuzi 7. Kisha akakiweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali penye kiza, pasipo na rangi yoyote inayoonekana. Zebaki ikapanda vile vile. Na akahitimisha kwamba kilele cha joto la jua kiko huko, nje ya mpaka wa macho. Hivyo ndivyo mwanadamu alivyojua kwa mara ya kwanza kwamba kuna mwanga asioweza kuuona. Leo tunauita mionzi ya infraredi, yaani iliyo chini ya wekundu.

Mwanga huo hautoki kwenye jua peke yake. Kila kitu chenye uvuguvugu huutoa: jiko, paka, ukuta, shavu la mtoto aliyelala. Kadiri kitu kinavyozidi joto ndivyo kinavyozidi kuutoa. Dunia nzima inang'aa usiku na mchana, nasi tunapita katikati ya mng'ao huo kama vipofu.

Kilichokosekana sasa kilikuwa jicho. Waitalia wawili ndio walioanza kulitengeneza. Leopoldo Nobili aliunga vipande vya madini mawili tofauti, jozi baada ya jozi, akapata chombo ambacho upande wake mmoja ukiguswa na joto, umeme mdogo hupita na kuisukuma sindano. Macedonio Melloni, mwalimu wa Parma aliyelazimika kukimbilia Ufaransa baada ya machafuko ya kisiasa ya mwaka 1831, alikitukuza chombo hicho kiasi cha kuweza kumtambua mtu kwa joto la mwili wake akiwa umbali wa mita 10 hivi. Naye John Herschel, mwana wa William, mwaka 1840 alipata picha ya kwanza ya joto: alipaka karatasi masizi, akailowesha kwa spiriti, akaielekeza kwenye jua lililopasuliwa na kioo. Palipopigwa na joto spiriti ilikauka mapema, na karatasi ikabaki na mabaka mepesi na mazito. Ilikuwa picha isiyodumu, lakini ilikuwa picha. Miongo minne baadaye Mmarekani Samuel Langley alibuni chombo cha waya mwembamba ambao ukipata joto hubadilisha ukinzani wake kwa umeme. Inasimuliwa kwamba chombo hicho, baada ya kuboreshwa, kiliweza kumhisi ng'ombe aliye umbali wa mita 400.

Wasomaji wa visiwani watapenda kujua kwamba hatua iliyofuata ilipitia kwenye minara ya kuongozea meli. Huko Sweden, mhandisi Gustaf Dalén wa kampuni ya AGA alivumbua taa za gesi zenye vali inayohisi jua: kukikucha taa hujizima, kukichwa hujiwasha, na mlinzi wa mnara akapata kupumua. Mwaka 1912 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia; na mwaka huo huo, wakati wa majaribio, mripuko wa gesi ulimpofua. Aliiongoza kampuni yake akiwa kipofu hadi kufa kwake mwaka 1937. Kampuni hiyo hiyo, iliyokuwa imewawashia taa mabaharia na kuongozwa na mtu asiyeona, ndiyo iliyotoa mwaka 1965 kamera ya kwanza ya joto iliyouzwa sokoni kwa kazi za kiraia. Ilikuwa dude zito, na jicho lake lilipaswa kupozwa kwa naitrojeni ya maji kabla ya kuona chochote. Kwanza ilitumiwa kukagua nyaya za umeme. Muda si muda ikageuzwa kutazama nyumba.

Hapo ndipo ilipoingia siasa ya mafuta. Mwezi wa Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta zilipunguza uzalishaji na kuwafungia baadhi ya wanunuzi kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda takriban mara nne. Sisi katika Afrika Mashariki tuliyahisi makali yake madukani na kwenye vituo vya petroli. Jamaa zetu waliokwenda Oman na Ghuba waliiona miji ikiota mchangani kwa neema hiyo hiyo. Na huko kaskazini, ambako mafuta huchomwa si kwa ajili ya safari tu bali kwa ajili ya kutokufa kwa baridi, serikali zilianza kuuliza swali lisilopata kuulizwa kwa uzito: joto tunalolinunua kwa bei hii linakwenda wapi?

Sweden ilijibu kwa sheria. Kanuni zake za ujenzi za mwaka 1975 ziliweka kipimo cha uvujaji wa hewa: nyumba ya peke yake, ikiwekwa chini ya shinikizo la paskali 50, isibadilishe hewa yake yote zaidi ya mara 3 kwa saa. Lakini sheria bila ya mizani ni maneno matupu. Ilibidi kipatikane chombo cha kupimia. Chombo chenyewe ni rahisi hata mtu huona haya kukiita uvumbuzi. Ni feni. Wasweden waliipachika dirishani. Mtafiti mmoja wao, Åke Blomsterberg, alipokwenda Marekani mwaka 1979 aliichukua fikra hiyo, na huko ikahamishiwa mlangoni.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Mlango wa mbele huzibwa kwa turubali lililobana, na katikati yake hutiwa feni yenye nguvu inayoivuta hewa kutoka ndani kuipeleka nje. Madirisha yote yamefungwa. Kwa kuwa nyumba imenyonywa pumzi, hewa ya nje hulazimika kuingia kwa kila upenyo uliopo, kana kwamba upepo wa kilomita 30 kwa saa unaipiga nyumba kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Kiasi cha hewa kinachopita kwenye feni ndicho kiasi cha uvujaji wa nyumba. Hesabu hupatikana hapo hapo. Kisha fundi hutembea na kijiti cha moshi, chumba hadi chumba. Mtu wa pwani ataielewa hatua hii bila ya kufundishwa: aliyewahi kufukiza udi au ubani chumbani anajua kwamba moshi wa chetezo hausemi uongo. Ukipinda, pana upepo. Ukikatika ghafla, pana ufa.

Kamera peke yake haitoshi, kwa sababu haioni hewa; huona sura ya ukuta tu. Feni peke yake haitoshi, kwa sababu husema nyumba inavuja kiasi gani, haisemi wapi. Zikiunganishwa, feni huivuta hewa baridi kupitia mianya, hewa hiyo huupoza ukuta pale inapopitia, na kamera huiona njia yake: michirizi myeusi kwenye pembe za dari, kwenye swichi za umeme, chini ya mbao za sakafu. Ila isiyojulikana na waliolala ndani kwa miaka 30 hujichora yenyewe kwa dakika 10.

Darasa kubwa la elimu hii lilikuwa Twin Rivers, mtaa wa nyumba zilizoungana katika jimbo la New Jersey. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton chini ya Robert Socolow walianza kuzichunguza mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya mgogoro wa mafuta. Nyumba zilikuwa za ramani moja, fundi mmoja, hali ya hewa moja. Walitarajia matumizi ya gesi yawe karibu sawa. Wakakuta nyumba moja hutumia mara mbili ya jirani yake na zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na watu wenyewe: wakihama hawa na kuingia wengine, hesabu hubadilika ingawa ukuta ni ule ule.

Lakini jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Vitabu vya wahandisi vilieleza kwamba dari ikishawekewa sufi ya kuzuia joto, kinachopotea juu ni kidogo. Watafiti walipanda darini wakati wa baridi na kukuta pana uvuguvugu usioelezeka: joto lililofika huko lilikuwa mara kadhaa ya lile lililohesabiwa. Joto lilikuwa halipiti ndani ya sufi; lilikuwa linaizunguka. Lilipanda kwenye nafasi iliyoachwa kandokando ya bomba la moshi, na ndani ya matofali yenye matundu ya kuta zilizotenganisha majirani, likatokea juu kama moshi wa dohani. Hakuna aliyeiziba mianya hiyo kwa sababu katika michoro haikuwako. Mmoja wa wanasayansi hao, Frank Sinden, aliishughulikia nyumba moja ya mtaa huo kwa kuziba nyufa, kuongeza sufi na kutengeneza madirisha, na mwaka 1978 akaandika kwamba haja ya kuipasha moto imepungua kwa thuluthi mbili. Mafundi waliofundishwa kazi hiyo waliitwa “madaktari wa nyumba”, jina ambalo mimi kama mfasiri sikuhangaika nalo hata kidogo.

Huko Kanada walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1977, katika mji wa Regina, ambako baridi hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, Harold Orr na wenzake walijenga nyumba ya mfano isiyokuwa na tanuri la kawaida la kupashia joto. Siri yake ilikuwa kuta nene zilizojazwa sufi na kubana kwa hali ya juu: kipimo chake kilikuwa chini ya mara 1 kwa saa pale ambapo sheria ya Sweden iliruhusu 3. Na kwa kuwa nyumba iliyobana hivyo haina pumzi, waliiwekea chombo ambamo hewa chafu inayotoka humwachia joto lake hewa safi inayoingia, bila ya hewa hizo kuchanganyika. Mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, Wolfgang Feist na wenzake walikamilisha nyumba zilizofuata njia hiyo hiyo na kuifanya kanuni. Kipimo walichoweka ni mara 0.6.

Naomba msomaji aishike vyema habari ya chombo kile cha kubadilishana hewa, maana hapo ndipo elimu hii inapogeuka kuwa uhai au mauti. Kuziba ni nusu ya kazi. Watu wanne wakilala, wakapika, wakaoga na kuanika nguo ndani kwa sababu nje kuna theluji, hutoa mvuke wa lita kadhaa kila siku. Mvuke huo usipopewa njia hutafuta mahali penye baridi kuliko pote ukageuka maji. Na mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba ni pale pale joto linapotorokea nje. Mstari mweupe niliouona nje ya nyumba ya binti wa ndugu yangu ulikuwa na mwenziwe ndani: mstari mweusi wa ukungu, juu ya kitanda cha mtoto. Ulikuwa ni ufa mmoja uliotazamwa kutoka pande mbili.

Mwezi wa Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 wa wazazi waliotoka Sudan alifariki. Mwezi wa Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba chanzo ni maradhi ya pumzi yaliyotokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi walikuwa wamelalamika tangu 2017. Wenye nyumba walidhani kwamba kosa ni la namna ya wapangaji hao ya kuishi. Mchunguzi alikuta nyumba isiyopitisha hewa ya kutosha. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2023, na kifungu chenye jina la mtoto huyo, kinachowawekea wenye nyumba za umma muda maalumu wa kuitibu nyumba yenye unyevu na ukungu, kilianza kufanya kazi Oktoba 2025. Chombo cha kuiona ila kilikuwako kwa zaidi ya nusu karne. Kilichokosekana ni mtu wa kukiwasha na kuwasadiki wanaolala ndani.

Ndiyo sababu nausoma upya msemo wetu wa kwanza. Tumeuzoea kama onyo kwa mtu wa nje: nyamaza, hujui. Kumbe unaweza kusomwa pia kama haki ya mtu wa ndani: msikilize, yeye ndiye anayejua. Kamera haikuubatilisha msemo huo. Imempa mpangaji shahidi tu.

Shemeji yangu alikuwa na swali la pili, na hilo lilinisumbua zaidi ya la kwanza. “Huyo aliyepiga picha kutoka nje,” aliuliza, “alibisha hodi?”

Swali hilo limewahi kufika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Alfajiri moja ya Januari 1992, katika mji wa Florence, jimbo la Oregon, maofisa waliegesha gari barabarani wakaielekeza kamera ya joto kwenye nyumba ya mtu mmoja. Waliona kwamba paa la banda lake la gari na ukuta mmoja vina joto kupita nyumba za jirani. Wakadhania taa kali za kuoteshea bangi. Wakapata hati, wakaingia, wakaikuta. Mshitakiwa hakukana bangi. Alihoji kamera. Kesi ilizunguka kwa miaka, na tarehe 11 Juni 2001 mahakama iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kuitazama nyumba kwa chombo kisichotumiwa na watu wote, ili kujua mambo ya ndani ambayo yasingalijulikana bila ya kuingia, ni upekuzi. Na upekuzi wahitaji hati. Majaji waliopinga walisema joto lililokwishatoka nje si la mwenye nyumba tena, kama ilivyo harufu ya chakula inayopita barabarani. Aliyeandika hukumu, Antonin Scalia, alijibu kwamba chombo hicho chaweza kumfichulia mpita njia hata saa ambayo mwanamke wa nyumba anaoga.

Sidhani kama pana haja ya kuwaeleza wasomaji wa pwani uzito wa maneno hayo. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe imejengwa juu ya fikra ya sitara: baraza kwa wapitao, daka kwa wageni, kisha kona ya ukuta ili jicho lililopo mlangoni lisifike uani. Mababu zetu waliujengea ukuta adabu. Lakini adabu hiyo ilikadiriwa kwa jicho la kawaida, lisilovuka wekundu wa Herschel. Na tangu mwaka huo huo wa 1992, ambapo Marekani iliondoa usiri wa kijeshi juu ya macho ya kamera yasiyohitaji kupozwa, vyombo hivyo vimepungua bei na ukubwa hadi kuweza kupachikwa kwenye simu ya mkononi. Kigezo cha mahakama kilikuwa “chombo kisichotumiwa na watu wote”. Kikishatumiwa na watu wote, je? Hilo halijajibiwa.

Nyumba zetu wenyewe ziko wapi katika historia hii? Ziko upande wa pili wa kioo. Fundi wa Mji Mkongwe hakuutafuta uvujaji ili auzibe. Aliutafuta ili aujenge. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, ili joto la mchana lichelewe kufika ndani. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mikoko, na dari ikapandishwa juu ili joto lipate pa kukimbilia. Madirisha yalielekeana, ua ukaachwa wazi, na kaskazi na kusi zikapewa njia ya kupita. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini hadi Ghuba, na huko, kama tuonavyo Dubai na Bahrain, wajenzi walisimamisha minara ya upepo iliyoukamata upepo juu na kuushusha vyumbani. Katika nyumba kama hizo feni ya Wasweden isingalipata cha kupima. Ingalikuwa sawa na kupima uvujaji wa chekecheke.

Lakini sasa tunajenga kwa matofali membamba ya saruji, bati juu, vioo mbele, kisha tunatia kiyoyozi. Mwenye kufanya hivyo ameijenga nyumba ya Sweden iliyogeuzwa ndani nje: ubaridi ndio mali, joto ndiye mwizi. Kiyoyozi kikiwaka hali madirisha hayafungi barabara, umeme unapozwa barazani. Na hewa yetu ya pwani, iliyojaa unyevu, ikipenya na kuugusa ukuta uliopozwa, hugeuka maji; ukungu haujali kama baridi imetoka mbinguni au kwenye mashine. Tumeacha ufundi wa kuvujisha kabla ya kujifunza ufundi wa kuziba.

Picha ya joto nayo yataka mfasiri, kama maandishi mengine yoyote. Rangi zake si za kweli. Zimechaguliwa na mashine ili jicho lielewe. Kioo huakisi joto la vitu vingine, bati linalong'aa huonekana baridi kwa kuwa linaiakisi mbingu, na ukuta uliopigwa na jua la jioni hujisingizia uvujaji usiokuwepo. Ndiyo maana wajuzi huipiga usiku wa manane au kabla ya jua kuchomoza, pakiwa na tofauti ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi kati ya ndani na nje. Asiyejua hayo atasoma rangi na kukosa maana.

Nyumba ile ya kaskazini ilitengenezwa hatimaye, baada ya barua nyingi. Waliziba juu ya mlango, wakaongeza sufi darini, wakaweka feni ya kutoa mvuke jikoni na msalani. Kikohozi cha watoto kimepungua, sisemi kimekwisha. Shemeji amerudi nyumbani, na siku moja alinikuta barazani kwangu nikimalizia ukurasa huu. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba nimeandika mengi juu ya wazungu na vipimajoto vyao, lakini nimesahau kusema kwamba yeye aliujua ufa ule tangu usiku wa kwanza. Alikuwa amelala chini yake, na shuka lake lilikuwa likitikisika.